Tuwafungulie Vijana Maktaba Isiyodai Bando

Ndugu zangu wa Ujiji, na nyie wa Mwanga, Gungu, Bangwe na Kibirizi ambao kwa hesabu ya manispaa ni watu wa nyumba moja nasi,

Mtoto wa kidato cha pili akitaka muvi iliyotafsiriwa Kiswahili hahangaiki. Anachukua flashi au memori kadi, anaingia steshenari, anatoa shilingi mia chache, kijana aliyeketi kwenye kompyuta anamjazia, wanaagana. Bando halikununuliwa. Mtandao ukikatika siku hiyo, yeye hana habari. Mtoto huyohuyo akitaka hadithi ya Kiswahili isiyo ya darasani, au mchoro unaoonyesha moyo unavyosukuma damu, hajui aende wapi. Njia ya kumfikishia ipo. Tumeijenga wenyewe, hakuna mradi uliotuletea wala bango la mfadhili, na hadi leo tunaipitishia muvi na singeli tu. Naomba tuipitishie na vitabu. Na vijana wenyewe wakishaanza kuandika, kuchora na kurekodi, kazi zao zirudi kwa njia hiyohiyo ziwafikie wenzao.

Vitabu vyenyewe havitafutwi kwa tochi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bure. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Nyalandu, imeweka masomo ya sekondari mtandaoni. African Storybook ina hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzitafsiri na kuzichapa. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na sekondari za kawaida zikakaa zimefungwa mpaka mwisho wa Juni, nchi nzima iliimba masomo ya mbali: redio, televisheni, simu. Shule zikafunguliwa, wimbo ukaisha.

Sasa tazameni mtoto wa hapa anavyozuiwa mlangoni. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA, na NIDA humpa mwenye miaka 18. Simu ya nyumbani ni ya baba, na baba yuko ziwani na dagaa. Au ni ya mama, na mama yuko sokoni na mawese, anaihitaji kupokea hela za wateja. Shuleni simu ni marufuku. Bando la siku linaisha kabla ukurasa wa pili haujafunguka. Mdogo wake wa miaka sita ana Ubongo Kids kwenye televisheni ya jirani. Kaka yake wa miaka 20 anaweza kujiunga na kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani. Huyu wa katikati, wa miaka 13 hadi 17, hana fungu. Tunamkumbuka siku ya matokeo ya kidato cha nne, na hapo ni kumlaumu.

Wapo watakaosema mambo haya ya kujifunzia nje ya darasa ni ya Ulaya. Hapana. Wazee wenu waliyafanya kabla kompyuta haijaonekana Kigoma. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwalimu alikuwa redio. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: choo kichimbwe, majani yanayozunguka nyumba yafyekwe, maji yachemshwe. Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wameshafundishwa namna ya kuongoza mazungumzo.

Nimeikumbuka kampeni hiyo kwa sababu naona miradi mingi ya elimu ya mtandao inaanzia mwisho. Inagawa vishikwambi, inapiga picha na mkuu wa wilaya, inaondoka. Mwaka 1973 redio ingeachwa ijisemee peke yake, kila mtu na yake kitandani, nani angechimba choo? Kilichofanya kazi ni duara la watu chini ya mwembe na mtu mmoja wa kuuliza, "Haya, tumesikia. Sisi tunafanyaje?" Maktaba ya vijana ya Ujiji ikikosa duara hilo, hata tukinunua mashine za dhahabu zitakuwa stuli za kukalia.

Kwa hiyo naanza na watu, ndipo nifike kwenye kifaa, ambacho ndicho chepesi kuliko vyote. Kuna kompyuta ndogo zinazokaa kiganjani, Raspberry Pi ndiyo inayofahamika zaidi. Ukiitia kadi ya kumbukumbu na kuiwasha, inarusha Wi-Fi yake yenyewe bila intaneti yoyote. Simu zilizo jirani zinajiunga, na vilivyomo ndani vinafunguka kama vile uko mtandaoni. Programu za kuipangilia ni za bure: Kiwix hubeba Wikipedia na vitabu, Kolibri hupanga masomo na mazoezi. Wikipedia yote ya Kiswahili inaingia kwenye kadi ya kawaida na nafasi inabaki ya hadithi, kamusi, vitabu vya kiada, rekodi za sauti na filamu fupi. Umeme inaokula ni mdogo, pawabenki nzuri inaisukuma saa kadhaa, na sisi tuliokulia kwenye umeme wa majenereta tunajua thamani ya kitu kisichozimika katikati ya sentensi. Mara moja kwa mwezi mtu mmoja anakipeleka kifaa hicho, tukiite kisanduku, penye mtandao mzuri, anakiongezea vitu vipya, anakirudisha. Huo ndio usimamizi wake wote.

Na jirani zetu wa ng'ambo ya Manyovu wametangulia. Mwaka 2014 shirika la Kifaransa la Bibliothèques Sans Frontières lilianza kupeleka maktaba za masanduku, yenye vitabu, skrini, kamera na vishikwambi, kwenye kambi za wakimbizi wa Kongo nchini Burundi: Kavumu, Musasa, Bwagiriza. Watu walikuja kusoma, lakini vijana waling'ang'ania pia kamera. Hilo halipaswi kumshangaza mzazi yeyote mwenye kijana nyumbani.

Nikitoka kwenye kisanduku naingia kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kusoma peke yake hakutawashika watoto hawa. Wanataka kutengeneza kitu. Wanaimba, wanaigiza, wanachora kwenye daftari la hesabu, wanarekodi vichekesho kwa simu ya kuazima. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikutana wakaimba pamoja kama Kigoma All Stars, na orodha yao ilimshangaza kila aliyedhani mkoa huu unatoa dagaa tu. Karibu wote walikuwa wamepatia jina Dar es Salaam. Nani alibaki hapa wa kumfundisha mdogo wao kuhariri sauti?

Tena malighafi tumekalia. Mwaka 1871 David Livingstone, akiwa huko Manyema, ng'ambo ya ziwa, aliishiwa karatasi na wino. Akachukua kurasa za gazeti kuukuu la The Standard, akatengeneza wino kwa mbegu za huko, akaandika shajara yake juu ya maandishi ya gazeti. Humo alieleza mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambako watu waliokuja kuuza na kununua walipigwa risasi. Miezi michache baadaye alirudi Ujiji amechoka, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeshauzwa, na baada ya hapo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akamkuta. Wino ule ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki. Watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki waliyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali hadi yakaonekana, na mwaka 2011 wakaiweka shajara yote mtandaoni, bure, kwa yeyote duniani.

Kwa yeyote, ndiyo. Lakini ni nani kati yetu ameiona? Familia nyingi za Ujiji asili yake ni Manyema. Nyangwe ni habari za babu zetu, na sisi tunasimulia mwembe wa kukutana kwao na salamu ya Stanley kwa sababu ndivyo mgeni anavyopenda kusikia akija makumbusho. Sina ugomvi na makumbusho wala na mwembe. Ninachotaka ni kuona msichana wa Kasingirima anakaa na ukurasa ule wa shajara kwenye skrini, anausoma kwa msaada wa mwalimu wa Kiingereza, kisha anakwenda kwa bibi yake na kinasa sauti: "Bibi, nyie mlikujaje huku?" Ukurasa huo na jibu la bibi viwekwe pamoja kwenye kisanduku. Hiyo ni kazi ya ubunifu, ni historia, na ni somo la lugha kwa wakati mmoja. Hakuna mtaala ulioipanga hivyo, na hatuna haja ya kuungoja.

Yapo mengine ya kurekodi na hayasubiri. Fundi wa mitumbwi anajua mti upi unavumilia maji na upi unaoza, na elimu hiyo iko kichwani mwake, haimo kitabuni. Wazee wanaozungumza Kibembe, Kiha na Kiswahili chetu cha Ujiji chenye ladha yake wanatutoka mmoja mmoja. Ziwa lilipopanda kuanzia mwaka 2020 likala fukwe na nyumba, watoto waliona kwa macho yao maji yakiingia. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika uliposimamishwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, kuna nyumba ambazo nyavu zilining'inia na hesabu za jikoni zikabadilika. Kijana wa miaka 15 aliyeishi miezi hiyo mwaloni Kibirizi ana habari ambayo mtafiti akija na dodoso lake haipati. Hakuna aliyemwambia: iandike, tutaisoma.

Na pa kuipeleka papo. Fungueni makala ya kata yenu kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Mara nyingi mtakuta mistari miwili mitatu: ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, idadi ya wakazi kwa sensa, basi. Kikundi cha vijana kinaweza kuijaza kwa ukweli wenye vyanzo, na mwaka huohuo makala hiyo ikasomwa Kalemie, Uvira na Muscat. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, hupokea miswada ya Kiswahili. Sisemi kijana wetu wa kidato cha tatu atashinda mwakani. Nasema anayeandika kurasa nne kila mwezi tangu akiwa na miaka 14 atafika miaka 20 akiwa na mswada, na asiyeandika atafika na majuto.

Najua hofu za wazazi, na sizidharau. Ya kwanza ni picha chafu. Kisanduku hiki kinaijibu vizuri kuliko simu aliyonunuliwa mtoto wa jirani: hakina intaneti, hakitoi ila kilichowekwa, na kilichowekwa kinaorodheshwa ukutani ili mzazi na ustadhi wa madrasa waweze kukikagua. Ya pili ni mabinti. Binti hawezi kutoka jioni, na mchana ana maji, vyombo na mdogo mgongoni. Basi ratiba ipangwe kwa kumtazama yeye, si kwa kumtazama kaka yake: Jumamosi saa nne hadi saa saba mchana, mahali palipo wazi, mwanamke mtu mzima akiwepo muda wote, na anayekuja na mdogo wake asirudishwe. Waliojifungua pia wapokewe. Serikali ilishawaruhusu kurudi shuleni kwa waraka wa Novemba 2021; isiwe mlango wa maktaba ndio unaowafungia. Ya tatu, madrasa. Saa za chuoni zisiguswe, na masheikh waulizwe kabla ratiba haijabandikwa, siyo baada.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu zaidi ya hayo, la walimu wanaosema tutafute kwanza vitabu vya karatasi. Wana haki. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji kitabu cha kushika. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inaendesha maktaba za umma kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1975, na tuna haki ya kuiandikia, kata kwa kata, kudai vitabu na mafunzo ya mkutubi wa kujitolea. Tuandike. Lakini tusikae tukingoja gari la vitabu ndipo tuanze, maana kijana wa miaka 16 ana miaka miwili tu ya kuwa wetu kabla hajapanda treni.

Haya, nani afanye nini.

Wenye steshenari: nyie ndio maktaba ya Ujiji tayari, ila hamjaambiwa. Wekeni folda moja kwenye kompyuta zenu, iitwe Maktaba, yenye hadithi za African Storybook, Wikipedia na kazi za vijana wa hapa. Mtoto akija kujaza muvi, mjazieni na hiyo bila malipo. Haiwapunguzii senti. Wekeni yale tu ambayo leseni yake inaruhusu. Vitabu vya Taasisi ya Elimu tutaviombea kibali cha maandishi kwanza, na kazi ya kijana yeyote isiingie bila ruhusa yake na ya mzazi wake. Hatuwezi kuwafundisha ubunifu kwa kuwaonyesha wizi.

Wenye vibanda umiza: skrini mnazo, spika mnazo, mabenchi mnayo, na Jumamosi asubuhi mechi za Ulaya hazijaanza. Tupeni saa hizo tatu. Siku kikundi kikimaliza filamu yake fupi, ionyesheni jioni kabla ya mechi, na kiingilio mkichukue nyie. Sina shaka mtajaza.

Waheshimiwa madiwani na wenyeviti wa mitaa: mwaka 2016 manispaa yetu ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 duniani za kuonyesha mfano wa uwazi chini ya mpango wa kimataifa wa OGP, kabla nchi haijajitoa kwenye mpango huo mwaka uliofuata. Uwazi mdogo ninaouomba leo hauhitaji mpango wa kimataifa. Bandikeni kwenye mbao za matangazo orodha ya vyumba vya umma vinavyokaa vimefungwa wikendi: madarasa, ofisi za kata, kumbi. Vitatu vya kuanzia vinatosha, kimoja Ujiji, kimoja Mwanga, kimoja mwaloni Kibirizi. Funguo zikabidhiwe kwa maandishi, ili mwenyekiti akibadilika maktaba isife naye.

Walimu mliostaafu, na nyie vijana mliomaliza chuo mkirudi kungoja ajira: duara linahitaji kiongozi. Simtafuti fundi wa kompyuta. Namtafuta mtu anayeweza kusikiliza hadithi mbovu ya mtoto hadi mwisho bila kucheka, kisha akauliza swali moja zuri. Redio zetu za mkoa zitoe robo saa kwa wiki kusoma kazi za vikundi hewani, kwa jina la kijana na la mtaa wake. Mtoto akisikia jina lake redioni, wiki ijayo anakuja na wenzake wanne.

Na mlioko mbali, Dar, Kariakoo na Mbagala, Muscat, Nairobi, Minnesota: mnatuma hela za misiba na harusi, Mungu awalipe. Safari hii tumeni kadi za kumbukumbu. Mwenye ujuzi wa kuhariri video, wa kuchora katuni, wa kuandika programu, atoe saa moja kwa mwezi kuzungumza na kikundi kimoja kwa simu. Simu moja ya kiongozi kwenye spika inatosha duara zima, na bando la saa hiyo wazazi tunaweza kulichangia bila mtu kuuza kuku.

Tuanze likizo ya Juni, watoto wakiwa nyumbani. Kabla ya hapo kila mtaa utakaopata chumba ufanye kikao kimoja kifupi baada ya swala ya Ijumaa au misa ya Jumapili, uteue mwanamke mmoja na mwanaume mmoja wa kushika ufunguo, na vijana wawili, binti na mvulana, wenye sauti sawa na hao wakubwa kuhusu kinachowekwa ndani ya kisanduku. Michango isomwe hadharani kila mwezi hata kama ni shilingi elfu mbili.

Simu za zamani zilizolala kwenye droo, hata zenye kioo kilichopasuka, zinahitajika, maana bila simu za kusomea kisanduku ni mapambo. Leteni na chaja zake. Toeni laini, na kabla hamjazikabidhi futeni picha na meseji zenu zote. Watoto hawa ni wadadisi.